Kambi ya msituni ya RTL: mabadiliko wanayoyameza watazamaji na yale wanayoyatema

Kwa kawaida kila Januari kituo cha runinga cha RTL cha Ujerumani hupeleka msituni mastaa wapatao kumi na wawili, wengi wao wakiwa wale waliokwisha kuchuja: mwanamuziki wa wimbo mmoja wa zamani, mchezaji wa mpira aliyestaafu, mke wa zamani wa mtu mashuhuri. Huko hulala chini ya turubai, hula kidogo mno na hufanyishwa mitihani ya kutia kichefuchefu. Jina rasmi la kipindi ni *Ich bin ein Star – Holt mich hier raus!*, yaani "Mimi ni staa, nitoeni humu!", lakini Wajerumani hukiita Dschungelcamp, kambi ya msituni. Kilianza Januari 2004 kikiwa na washiriki 10, kwa kufuata kipindi cha Uingereza kilichoanza kwenye ITV mwaka 2002.

Tangu hapo kimebadilishwa mara nyingi: watangazaji, idadi ya washiriki, bara lenyewe, na mwaka mmoja hata msitu uliondolewa. Mabadiliko mengine yamepita bila mtu kunung'unika, mengine yamezua kelele hadi magazetini. Ukizitazama kelele hizo juu juu utadhani Wajerumani hawana wanalolitaka. Ukizifuatilia mwaka hadi mwaka, unakuta watazamaji ni wavumilivu kwa karibu kila kitu isipokuwa mambo matatu: kura yao, njaa ya washiriki, na uhakika kwamba wanachokiona kinatokea sasa hivi.

Kura mbili zisizofanana

Asiyekijua kipindi hudhani kura ni moja tu, ya kumtoa mtu. Ziko mbili, na zinafanya kazi kinyume.

Siku za mwanzo mtazamaji hupiga kura kuchagua nani aende kwenye mtihani wa siku inayofuata: kula macho ya mnyama, kulala sandukuni na panya, kutambaa kwenye handaki lenye wadudu. Hii ni kura ya adhabu. Unampigia usiyempenda, au anayelia haraka, au anayejidai. Baadaye, watu wanapoanza kutolewa, kura hugeuka: sasa unampigia unayetaka abaki, na mwenye kura chache zaidi anafungasha virago. Simu moja au ujumbe mmoja hugharimu senti 50 za euro.

Mgeuko huo ndio injini ya kipindi. Anayechukiwa wiki ya kwanza hupelekwa mtihanini mara nyingi, kwa hiyo huonekana kwenye runinga kuliko wenzake wote. Na akionekana akiteseka kila siku, huruma huanza kuingia. Larissa Marolt, mwanamitindo kutoka Austria, alipelekwa mtihanini mfululizo mwaka 2014 kwa sababu watazamaji walichoshwa na vituko vyake. Mwisho wa msimu alishika nafasi ya pili, nyuma ya Melanie Müller. Watu wale wale waliomwadhibu ndio waliomfikisha fainali. Menderes Bağcı, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kama mtu wa kufeli kwenye usaili wa mashindano ya kuimba, aliibuka mfalme wa msitu, yaani mshindi, mwaka 2016 kwa nguvu ya huruma hiyo hiyo.

Kwa hiyo mabadiliko yoyote yanayopunguza idadi ya siku za kura ya adhabu, au yanayowapa washiriki wenyewe mamlaka ya kuchagua nani aende, hayapunguzi mchezo mdogo wa pembeni. Yanakata ile njia ya kutoka kuchukiwa hadi kupendwa. Waandaaji hulazimika kufanya hivyo katikati ya msimu kwa sababu ya haki: mtu mmoja akibebeshwa mitihani yote, wengine wanakaa bure. Hata hivyo wakiwahi mno, mtazamaji anahisi fimbo imepokonywa mkononi mwake.

Wasomaji waliofuatilia Big Brother Africa wanajua jinsi utaratibu wa kura unavyotawala hisia za watu. Huko kura za kila nchi zilihesabiwa ndani ya nchi hiyo, kisha nchi nzima ikatoa kura moja. Mtanzania Idris Sultan alipotwaa ubingwa mwaka 2014, wingi wa simu kutoka nchi moja kubwa haukuwa na maana yoyote kama nchi nyingine hazikumuunga mkono. Wajerumani hawana kinga hiyo. Kwao kila simu ni simu, na mwenye pesa na hasira anaweza kupiga mara nyingi. Ndiyo maana sheria ikiguswa hata kidogo, shutuma za upendeleo huanza usiku huo huo.

Wali na maharage

Chakula cha msingi cha kambi ni wali na maharage. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atacheka, maana hapa hiyo ni adhabu ya nani? Lakini ni kiasi kidogo, hakina chumvi, hakina mafuta wala kitunguu, na washiriki wameshakamatwa mara kwa mara wakiwa wameficha viungo kwenye nguo. Kupata kitu kingine kunategemea mtihani: kila nyota, yaani alama ya ushindi, inayoletwa ni mlo wa mtu mmoja. Kambi ina watu 12, aliyekwenda mtihanini akarudi na nyota 3, basi sehemu tatu za nyama na mboga zinagawanywa kwa vinywa kumi na viwili. Akikataa kuanza, akapaza sauti ile ya "nitoeni humu", ni sifuri, na wote wanarudi kwenye maharage.

Hesabu hii inaeleweka na mtu yeyote, hata aliyewasha runinga dakika tano zilizopita. Ugomvi wote wa kambini unatoka humo: nani alishindwa, nani alimeza kwa ajili ya wenzake, nani anaiba sigara. Waandaaji wakilegeza, kwa mfano kwa kutoa zawadi za chakula mara kwa mara nje ya mitihani, washiriki wanakuwa wachangamfu na wenye adabu, na kipindi kinapooza. Watazamaji hulalamika kuwa "safari hii mastaa wanachosha". Mara nyingi mastaa ni wale wale wa siku zote, ila wameshiba.

Sura mpya hazikuwa tatizo

Jambo ambalo wengi walilitabiri kuwa lingekiua kipindi halikukiua. Tangu 2004 kiliongozwa na wawili, Sonja Zietlow na Dirk Bach, ambao utani wao ulikuwa nusu ya burudani. Bach alifariki tarehe 1 Oktoba 2012, miezi mitatu na ushei kabla ya msimu kuanza. Januari 2013 Daniel Hartwich alikaa kwenye nafasi yake. Maombolezo yalikuwepo, kulinganisha kulikuwepo, lakini kipindi kiliendelea, na mwaka huo huo kiliteuliwa kuwania Grimme-Preis, tuzo yenye heshima kubwa ya runinga ya Ujerumani, jambo lililowaudhi wasomi wengi. Hartwich alipoondoka baada ya msimu wa 2022, Jan Köppen akachukua nafasi, na hapo kelele zilikuwa ndogo zaidi. Sababu si ngumu: mtangazaji hagusi kura wala nyota. Anasoma matokeo na kuwatania.

Januari 2020, Australia, ambako kambi huwekwa kwa kawaida, ilipokuwa ikiungua kwa mioto ya nyika, moto wa wazi ulipigwa marufuku na kambi ikakosa kuni zake. Ubishi uliozuka ulihusu kama ni halali kufanya burudani katika nchi inayoteketea. Mchezo wenyewe haukulalamikiwa. Vivyo hivyo kipindi kingine cha RTL, *Das Sommerhaus der Stars* ("Nyumba ya mastaa ya kiangazi"), kilihamishwa mwaka huo huo kutoka Ureno hadi Bocholt, magharibi mwa Ujerumani, kwa sababu ya korona. Watu walipiga kelele kweli, lakini juu ya jinsi washiriki walivyoonea wenzao. Nyumba ilikuwa imehama nchi na hakuna aliyeikumbuka ile ya zamani.

Saa za Australia na saa za Afrika Kusini

Kuhama kwa kambi kwenda Afrika Kusini mwaka 2022 ni kisa kinachostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu wengi waliona kuna kitu hakiko sawa bila kuweza kukitaja.

Makao ya kawaida ya kambi ni karibu na Murwillumbah, jimbo la New South Wales, Australia. Januari huko wako saa 10 mbele ya Ujerumani. Kipindi kinapoanza saa 4:15 usiku Ujerumani, kambini ni saa 2:15 asubuhi ya siku ya pili. Watangazaji wanasimama kwenye mwanga wa jua, majani yanang'aa, na mtu aliyetolewa anavuka daraja mchana kweupe. Kwa mtazamaji aliyejifunika blanketi katikati ya baridi kali ya Januari, mwanga huo ni sehemu ya raha.

Kuna faida nyingine isiyoonekana. Kambi inapolala saa 4 usiku kwa saa za Australia, Ujerumani ni saa 6 mchana. Wahariri wana saa kama kumi za kukata siku nzima iliyokamilika, kuipangia muziki na kuandika utani wa watangazaji, kabla ya kurusha. Hadithi inatoka ikiwa na mwanzo na mwisho, kisha inaungana na matangazo ya mubashara asubuhi ileile kambini.

Afrika Kusini tofauti ni saa moja tu. Kipindi kikianza saa 4:15 usiku, kambini ni saa 5:15 usiku. Giza. Watangazaji wanaangazwa na taa, msitu nyuma yao hauonekani. Na siku ya kambi haijaisha vizuri: wahariri inabidi waikate katikati au waonyeshe mambo yaliyotokea mapema zaidi, na kile kilichosimuliwa kwenye picha kinapitwa na kile kinachosemwa mubashara. Mtazamaji hana haja ya kujua hesabu hizi kuhisi kwamba mdundo umeyumba. Kambi iliporudi Australia mwaka 2023, tatizo liliondoka lenyewe.

Mwaka usio na msitu

Januari 2021 hakukuwa na kusafiri. RTL ilikuwa imefikiria ngome ya Gwrych huko Wales, ambako Waingereza walikuwa wamefanyia toleo lao, lakini korona ikaiziba njia hiyo pia. Badala yake ikaandaliwa *Die große Dschungelshow*, studioni karibu na Köln. Washiriki 12 waliingizwa watatu watatu kwenye kijumba kidogo ndani ya studio, wakafanya mitihani, na watazamaji wakachagua nani asonge mbele. Zawadi kuu ilikuwa tiketi ya dhahabu ya kuingia kambi ya 2022.

Watangazaji walikuwa wale wale, mitihani ilifanana, kura ilikuwepo. Bado kipindi hakikukaribia umati ambao kambi yenyewe ilikuwa imeuzoea. Kosa lilikuwa kwenye muundo. Watatu wanaokaa pamoja siku chache hawawezi kufikia ugomvi ambao kumi na wawili wenye njaa hufikia siku ya tisa. Kila kundi jipya lilimrudisha mtazamaji mwanzo kabisa. Na kura ilikuwa ya deni: unalipa leo ili mtu apate nafasi mwaka kesho, kwenye kambi ambayo hakuna aliyeweza kuahidi kwamba itakuwepo. Kwa kejeli ya mambo, aliyepata tiketi hiyo, Filip Pavlović, alikwenda Afrika Kusini mwaka uliofuata na kushinda msimu mzima.

RTL ilikuwa imeshajaribu tiketi ya namna hiyo majira ya joto ya 2015, washiriki wa zamani waliposhindania nafasi ya kurudi. Brigitte Nielsen, bingwa wa 2012, aliipata na akarudi msituni Januari 2016. Jaribio hilo halikuudhi watu, kwa kuwa lilikuwa nyongeza. Halikuja kuziba nafasi ya kambi.

Jaribio la Agosti 2024 lilikwenda mbali zaidi. Kwa kuadhimisha miaka 20, washiriki wa zamani walipelekwa Afrika Kusini kwa *Showdown der Dschungel-Legenden*, kipindi kilichorekodiwa mapema, bila kura ya watazamaji. Ushindi ulitafutwa kwenye mitihani na miongoni mwa washiriki wenyewe. Aliyeshinda ni Georgina Fleur. Mwaka 2013 watazamaji walikuwa wamempeleka mtihanini tena na tena kwa sababu hawakumpenda. Pale fimbo ilipowekwa kando, yule waliyekuwa wakimchapa akatwaa taji. Kwa upande wa mashindano, yalikuwa ya haki, na pengine ya haki kuliko ya Januari. Lakini kipindi kilichorekodiwa hakimpi mtu sababu ya kukesha: matokeo yameshalala kwenye kompyuta wiki kadhaa, na anayeangalia kesho hapungukiwi na kitu.

Jirani wa Sat.1

*Promi Big Brother* ya kituo cha Sat.1, yaani Big Brother ya mastaa, ni shule ya kosa tofauti. Ilianza Septemba 2013 na nyumba moja. Mwaka 2014 ikagawanywa: juu anasa, chini dhiki, na mtazamaji akiwa na sauti juu ya nani aishi wapi. Hilo lilipokewa vizuri kwa sababu liliongeza nguvu ya kura. Baada ya hapo kila mwaka ulitaka pambo lake: mwaka 2018 eneo la ujenzi, 2020 msitu wa hadithi za kale, 2021 anga za juu, na kuanzia 2020 wiki tatu badala ya mbili. Mapambo hayana madhara. Madhara yako kwenye sheria za kuhamahama zilizokuja nayo: nani amepanda, kwa mchezo upi, kwa saa ngapi, nani anaweza kumshusha. Kipimo chepesi ni hiki: mtu aliyekosa siku mbili akirudi, je, anaweza kuelezwa hali ilivyo kwa sentensi moja? Kama haiwezekani, hatapiga kura, na asiyepiga kura kesho hatazami. Mwaka 2023 Sat.1 iliyafuta yote na kuwarudisha mastaa kwenye kontena moja la kubanana, kama Big Brother ya kwanza ya Ujerumani ya mwaka 2000.

Kuna mara moja ambapo watazamaji ndio waliodai sheria ivunjwe. Big Brother ya kawaida, isiyo ya mastaa, ilikuwa hewani Sat.1 tangu Februari 2020, na wakaaji wake hawakuwa wameambiwa chochote kuhusu korona iliyokuwa ikisambaa nje. Kutengwa na habari ni nguzo ya mchezo huo. Shinikizo lilikuwa kubwa mno, na tarehe 17 Machi wakaelezwa mubashara.

Namba za asubuhi zisomwe hivi

Kila badiliko hufuatwa na vita vya takwimu, na nyingi hutumiwa vibaya. Upimaji wa watazamaji Ujerumani husimamiwa na shirika la AGF, kupitia kaya takriban 5,400 zenye vifaa vya kupimia. Takwimu za asubuhi ni za awali. Za mwisho hutoka siku tatu baadaye, zikijumlisha waliorekodi na kutazama kwa kuchelewa. Anayetangaza anguko saa 3 asubuhi kwa kawaida hajui anachokizungumzia.

Idadi ya watazamaji ni wastani wa kipindi kizima. Kikirefushwa hadi baada ya saa 6 usiku, wanaolala mapema wanaushusha wastani, hata kama saa ya kwanza ilijaa. Asilimia ya soko hufanya kinyume. Tuseme saa 4 usiku watu milioni 16 wako kwenye runinga na milioni 4 kati yao wanaangalia kambi: asilimia 25. Saa 6 wamebaki milioni 9, kambi ina milioni 3: asilimia 33. Imepoteza watu milioni moja na "imepanda". Kituo kitatangaza asilimia, wakosoaji watataja milioni, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Malalamiko ya matangazo ya biashara nayo yana maelezo. Sheria ya vyombo vya habari ya 2020 iliondoa kikomo cha dakika 12 kwa kila saa na kuweka asilimia 20 kwa kipindi kirefu, kwa mfano kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Kituo kinaweza kubana jioni na kurundika matangazo usiku, pale ambapo kipindi chenye umati kinarushwa. Anayehisi mapumziko yameongezeka huenda hajakosea.

Kuhusu shutuma za upendeleo, ziko takwimu zinazosaidia zaidi ya zote. Baada ya fainali RTL huchapisha asilimia za kura za kila siku. Chukua siku ambayo mshiriki alionyeshwa vibaya, linganisha asilimia yake kabla na baada, kisha angalia nani alitolewa siku hiyo, kwa kuwa kura za aliyeondoka huenda kwa wengine na kuwapandisha wote. Hesabu ya pili ndiyo inayosahaulika: mtu akipanda kutoka asilimia 12 hadi 15 mara baada ya wawili kuondoka, huenda hakupata mpenzi mpya hata mmoja.